Zissou Amekuwa Mzuka: Juu ya Picha za Lartigue

Katika nyumba zetu nyingi kuna picha ukutani. Ipo ya bwana arusi na bibi arusi, ipo ya kijana aliyemaliza chuo na kuvikwa joho, ipo ya mzee aliyekaa kitini, mikono juu ya magoti. Na wote hutazama mbele kama watu walioitwa na hakimu. Picha hizo ni njema, wala sizitukani. Lakini tazama kile kisichokuwamo. Hayumo mama akipepeta mchele. Hayumo mtoto akisukuma gurudumu kwa kijiti. Hayumo mzee yule yule akicheka, ingawa wote waliomjua humkumbuka kwa kicheko chake. Yale tuyaonayo kila siku ndiyo yasiyopigwa picha, na mwenyewe akiisha kuondoka, hayo ndiyo tuyatafutayo tusiyapate.

Siku hizi mambo yamegeuka. Simu imeingia vijijini, na ndani ya simu imo kamera. Basi wakubwa hunung'unika kwa sababu mbili. Kwanza wasema kwamba vijana hupiga picha ya kila upuuzi: bakuli la uji, mbuzi juu ya ukuta, viatu vilivyoachwa mlangoni. Pili wasema kwamba hawaziachi picha zilivyo, bali huzichezea: kichwa cha mjomba hukiweka juu ya mwili wa simba, na mtoto mchanga humkalisha juu ya mwezi. La kwanza, wasema, ni kupoteza wakati. La pili ni uongo.

Nataka tuyapime manung'uniko hayo kwa kutazama kazi ya mtu mmoja, Mfaransa, aliyeyafanya yote mawili tangu utoto wake, yapata miaka mia na ishirini iliyopita. Jina lake ni Jacques Henri Lartigue. Katika muda mwingi wa maisha yake alijihesabu kuwa mchoraji wa picha za rangi. Zile za kamera alizipiga kwa kujifurahisha, akazibandika katika albamu na kuziweka nyumbani. Kwa ajili hiyo afaa kwa shauri letu kuliko mafundi wenye maduka.

Alizaliwa Courbevoie, karibu na Paris, katika mwaka 1894. Baba yake alikuwa tajiri, naye alipenda sana kupiga picha. Mwaka 1902, mtoto alipokuwa na umri wa yapata miaka minane, baba alimpa kamera yake ya kwanza. Ilikuwa sanduku la mti lenye kupokea vioo vilivyopakwa dawa, kila kioo sentimeta 13 kwa 18, na kila kioo kilichukua picha moja tu. Msomaji akumbuke jambo hilo. Kijana wa leo hupiga picha hamsini, akafuta arobaini na tisa. Mtoto huyu alipotaka kumpiga paka picha, alikuwa na kioo kimoja mkononi, na paka hangojei.

Wakati ule kazi ya picha ilikuwa imekwisha kutoka mikononi mwa mafundi peke yao. Mwaka 1888 Mmarekani George Eastman alianza kuuza kamera ya Kodak, iliyokuwa na filamu ya picha 100 ndani yake; mwenye kuimaliza aliipeleka kamera nzima kiwandani, akarudishiwa pamoja na picha zake. Mwaka 1900 ikatoka Brownie, iliyouzwa kwa dola moja. Ndipo watu wa kawaida walipoanza kupiga picha za mbwa wao na watoto wao na chakula chao walacho chini ya mti. Na wakubwa wa siku zile nao walinung'unika.

Sasa tutazame picha zenyewe. Katika mwaka 1904 Lartigue alimpiga picha yaya wake, ambaye nyumbani waliita Dudu. (Kwetu jina hilo lingemfanya mtu atazame miguuni pake.) Dudu amerusha mpira, nao mpira uko hewani, haujaanza kuanguka. Ni hayo tu. Hakuna sherehe, hakuna kiti cha kukalia, hakuna nguo iliyoazimwa. Wachoraji wa zamani walipomchora yaya walimkalisha na mtoto mapajani, ili tumtambue kwa kazi yake. Mtoto huyu amemwona Dudu kuwa mtu mwenye mchezo wake mwenyewe. Tena ameona jambo ambalo kila mmoja wetu ameliona mara elfu, wala hakuna aliyeliona: mpira umesimama hewani. Jicho letu haliwezi kuusimamisha. Hufuata mwendo wake hata ukafika chini. Kioo cha kamera kimeusimamisha, na tangu siku ile haujashuka.

Mwaka uliofuata alimpiga binamu yake Bichonnade akiruka katika ngazi za nje ya nyumba, mjini Paris. Bichonnade amevaa vazi refu la wanawake wa siku zile, lenye kufika miguuni, vazi lisilomruhusu mtu hata kukimbia. Naye yuko juu, mikono ameitandaza, miguu haigusi jiwe. Aonekana kama aliyekataa kushuka. Nimewaonyesha watoto wa shule picha hii bila kuwaambia neno, na swali lao lilikuwa moja: ameanguka wapi? Hawakuuliza ni nani, wala nguo ile ni ya nchi gani. Picha iwezayo kumtoa mtoto wa huku swali la namna hiyo juu ya mwanamke wa Paris aliyeruka zaidi ya miaka mia iliyopita si picha ya upuuzi.

Lakini hapa nataka kupingana na wengi waliomsifu. Lartigue hakujulikana na ulimwengu mpaka mwaka 1963, alipokuwa na umri wa miaka 69, ndipo jumba la sanaa la New York liitwalo Museum of Modern Art lilipoonyesha picha zake kwa shauri la John Szarkowski. Tangu hapo ilienea habari kwamba huyu alikuwa mtoto mwenye jicho safi, asiyefundishwa na mtu, aliyepiga tu kile kilichomfurahisha. Habari hiyo ni tamu, lakini si kweli yote. Baba yake alikuwa mwalimu wake. Magazeti ya wapenda picha, ambayo siku zile yalijaa mashauri na hila, yalipatikana nyumbani. Tena fikiri: kioo ni kimoja. Ili Bichonnade apatikane hewani ilipasa kamera ilengwe kwanza mahali atakapopita, kioo kitiwe tayari, na Bichonnade mwenyewe aambiwe, "Haya, ruka!" Mvuvi hutega dema kabla samaki hajaja. Mambo ya kila siku hayaji mbele ya kamera kwa bahati tu. Huja kwa mtu aliyekwisha kujiweka tayari. Hilo ndilo jibu la kwanza kwa wakubwa wanung'unikao. Kupiga picha ya bakuli la uji si upuuzi. Upuuzi ni kuipiga bila kulitazama bakuli.

Jambo hili laonekana zaidi katika picha ya vigari vyake vya kuchezea, ya mwaka 1905. Vimepangwa sakafuni katika chumba chake. Mtu mzima angesimama, akaelekeza kamera chini, akapata picha ya vitu vidogo vilivyotawanyika. Yeye aliishusha kamera mpaka sakafuni. Basi twaviona vigari kama avionavyo mtoto aliyelala kifudifudi: si vidogo tena. Kwa kuinama tu, pasipo kugeuza kitu chochote, amebadili ukubwa wa dunia.

Kabla ya kuendelea ni haki niseme na kasoro yake, maana mhakiki asemaye sifa tupu ni mpiga zumari. Dunia ya Lartigue ni nyembamba. Ni dunia ya matajiri wanaocheza. Kaka yake Maurice, aliyeitwa Zissou, aunda eropleni zisizo na injini na kujaribu kuruka nazo katika shamba lao la Rouzat. Wanawake wenye kofia kubwa watembea na mbwa wao katika bustani ya Bois de Boulogne. Magari yashindana mbio. Watumishi waonekana wakiwa wamekuja kushirikiana na mchezo, lakini ni mara chache sana kuwaona wakiwa na kazi yao wenyewe. Vita vikuu vya mwaka 1914 hata 1918 viliua Wafaransa zaidi ya milioni moja, na mtu akizifungua albamu zake angeweza kuvipita bila kujua. Mwenyewe alitaka kuishika furaha isimpotee, na shabaha hiyo aliifikia. Lakini mtu aishikaye furaha tu ameipiga picha nusu ya siku.

Sasa twende kwenye manung'uniko ya pili, yaani ya kuzichezea picha. Wenye kunung'unika huanza na neno moja, kwamba picha isiyoguswa ni ukweli, na iliyoguswa ni uongo. Lartigue atusaidia kuliona kosa la neno hilo kwa picha ambayo hakuigusa hata kidogo. Kabla ya vita vile alikwenda kutazama mashindano makubwa ya magari ya Ufaransa, akapiga picha gari moja, namba 6, lilipokuwa likipita kwa kasi. Katika picha hiyo gurudumu si duara. Limekuwa mfano wa yai, nalo limeinamia mbele. Watu na nguzo waliosimama kando ya njia wameinamia nyuma. Gari lenyewe limekatwa, mbele yake haimo yote.

Je, nani alilipinda gurudumu? Kamera yenyewe. Ndani yake mlikuwa na pazia lenye ufa mwembamba, na ufa huo ulipita mbele ya kioo ukiacha mwanga uingie mahali kidogo kidogo. Kwa hiyo upande mmoja wa picha ulipokea mwanga kwanza, upande wa pili baadaye. Na katika muda huo mdogo gari lilikuwa limekwisha kusogea. Lartigue naye alikuwa akiizungusha kamera kulifuata gari, lakini polepole kuliko gari. Ndiyo sababu watu wasimamao waonekana kuinamia upande wa pili. Hapana mkono wa mtu uliogusa picha hii baadaye, na hata hivyo haimo ndani yake sura moja ya kweli kama jicho lilivyoiona. Mpigaji aliihesabu kuwa imeharibika, akaiweka kando miaka mingi. Leo ni miongoni mwa picha zake zijulikanazo sana, kwa sababu mtu akiiona huhisi kasi ile mwilini mwake. Basi ukweli wa picha hautoki katika kuguswa au kutoguswa. Yatupasa kuutafuta mahali pengine.

Na mahali penyewe, kwa maoni yangu, panaonekana katika picha ya mzuka. Ilikuwa Julai ya mwaka 1905, katika mji wa Châtel-Guyon. Lartigue, aliyekuwa amekwisha kutimiza miaka kumi na mmoja, alimwambia Zissou ajifunike shuka jeupe na kusimama tuli. Akaifungua kamera kidogo, akaifunga. Zissou akaondoka mahali pale. Kamera ikafunguliwa tena, kioo kile kile kikiwa ndani, wala kamera haikusogezwa. Basi kioo kilipokea mara mbili: mara ya kwanza mahali penye mtu, mara ya pili mahali pasipo mtu. Picha iliposafishwa, Zissou alionekana kama moshi, na vitu vilivyo nyuma yake vikaonekana kwa kupitia mwilini mwake.

Hila hii hakuivumbua yeye. Mwaka 1891 kilipigwa chapa Paris kitabu kizima cha michezo ya picha kwa watu wa kawaida, namna ya kumtoa mtu kichwa, namna ya kumfanya mtu mmoja akae meza moja na nafsi yake, na kadhalika. Kwa hiyo simsifu kwa upya wa hila. Namsifu kwa mambo mawili. La kwanza, mzuka wake hatishi. Ni kijana aliyejitanda shuka la kitandani, na shuka laonekana wazi kuwa shuka. Mwenye macho aweza kucheka na kustaajabu kwa wakati mmoja. La pili ni kubwa zaidi, nalo halimo ndani ya picha bali chini yake. Lartigue aliipa picha jina: Zissou amekuwa mzuka. Tafadhali lipime jina hilo. Hakuandika "Mzuka." Hakuandika "Ajabu iliyoonekana Châtel-Guyon." Ametaja jina la ndugu yake. Yaani kabla hujapata nafasi ya kudanganyika, amekwisha kukuambia ni nani aliye ndani ya shuka. Mtazamaji hakuachwa nje ya mchezo. Amekaribishwa ndani, akae pamoja na watoto na kuutazama.

Ili mjue kwamba jambo hili si dogo, nitawaonyesha mzuka mwingine uliofanywa kwa hila iliyokuwa jamaa ya ile. Katika miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hata 1865, mtu mmoja wa Boston, William Mumler, alianza kuuza picha za mizuka. Mjane au mama aliyefiwa alikaa mbele ya kamera peke yake. Picha ilipotoka, nyuma yake palionekana sura hafifu, naye aliambiwa kwamba ndiye marehemu wake. Watu waliofiwa walikuwa wengi mno siku zile, na kazi ilistawi. Mwaka 1869 Mumler alishitakiwa New York kwa udanganyifu. Mashahidi walieleza njia mbalimbali ambazo mpiga picha aweza kutumia kuleta sura ya pili katika kioo, lakini haikuthibitishwa ni ipi aliyoitumia yeye, akaachiliwa. Baadaye hata mjane wa Rais Lincoln alikwenda kwake, akarudi na picha ambayo mumewe ameweka mikono mabegani mwake. Tazama basi: kwa Lartigue na kwa Mumler yaonekana mwili wa moshi ule ule. Lakini katika picha ya Mumler halipo jina la yule aliyejifunika shuka.

Habari ya tatu ni ngumu kuliko hizo mbili, maana ilianza kama mchezo wa Lartigue ikaishia karibu na kazi ya Mumler, na waliouharibu mchezo hawakuwa watoto.

Katika kijiji cha Cottingley, karibu na Bradford, Uingereza, mwaka 1917, walikaa binti wawili, Elsie Wright aliyekuwa na miaka 16, na binamu yake Frances Griffiths, mwenye miaka tisa, aliyekuja karibuni na mama yake kutoka Afrika ya Kusini. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kijito. Frances alikuwa akirudi nyumbani na viatu vilivyolowa, akikemewa, akajibu kwamba huenda kijitoni kuwatazama wale watu wadogo wenye mabawa, ambao hadithi za Waingereza huwasimulia. Wakubwa wakacheka. Basi Elsie akaazima kamera ya baba yake, na wote wawili wakarudi na picha: Frances nyuma ya kichaka, na mbele yake viumbe wadogo wanne wakicheza ngoma. Baba yake Elsie hakusadiki hata mara moja. Alimjua binti yake kuwa mchoraji hodari, na kwamba amepata kufanya kazi katika duka la mpiga picha. Baada ya picha ya pili alikataa kuwapa kamera.

Mambo yangeishia hapo, nyumbani, ambapo baba anatikisa kichwa na watoto wanachekana. Lakini mwaka 1919 mama yake Elsie alitaja picha zile katika mkutano wa watu wa Theosofia waliokuwa wakitafuta dalili za viumbe wasioonekana. Zikafika kwa mkuu wao mmoja, Edward Gardner. Naye alizipeleka kwa fundi, ambaye alitengeneza vioo vipya vilivyo wazi zaidi kuliko vile vya kwanza. Msomaji asipite hapa haraka. Watoto walikata karatasi kwa mkasi, lakini picha yenyewe hawakuiguse. Walioigusa ni wakubwa, na hao ndio waliosema kwamba ni ya kweli. Kisha zikafika kwa Arthur Conan Doyle, mtunga hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes, mtu ambaye jina lake lilikuwa mfano wa akili ya kupeleleza. Mwanawe alikuwa amekufa katika mwaka 1918. Doyle alizitangaza picha hizo katika gazeti la Strand mwezi wa Desemba 1920, akaandika na kitabu mwaka 1922. Mafundi wa Kodak walioulizwa walikataa kutoa cheti cha kwamba ni za kweli, lakini hilo halikumzuia.

Elsie na Frances walikiri mwaka 1983, miaka 66 baada ya picha ya kwanza, walipokuwa wazee. Watu wale wadogo walikuwa karatasi, wamechorwa kwa kuiga picha iliyomo katika kitabu cha watoto cha mwaka 1914, na kusimamishwa katika majani kwa pini za kofia. Na katika kitabu hicho hicho, ajabu, ilikuwamo hadithi ya Conan Doyle mwenyewe. Kuhusu sababu ya kunyamaza kwao, Elsie alieleza kwamba waliona haya, wao watoto wa kijijini, kumwambia mtu mashuhuri kama yule kwamba amedanganyika. Kwa picha ya tano Frances aliendelea kushika mpaka mwisho kwamba ile ilikuwa ya kweli. Alikufa mwaka 1986, mwaka ule ule aliokufa Lartigue.

Nikizihakiki kama picha tu, nasema hivi: picha ya kwanza ya Cottingley ni nzuri. Uso wa Frances ni mtulivu, majani ni mengi, na viumbe wale wana wepesi wa kweli. Elsie alikuwa na mkono. Ingalikuwa katika albamu ya Lartigue, ingekaa karibu na mzuka wa Zissou bila kuona haya. Lakini ilipewa jina jingine. Iliitwa "Frances na Viumbe," kwa maana ya kwamba Frances aliwaona. Jina la mtoto limewekwa pale awe shahidi. Katika picha ya Zissou jina la mtoto limewekwa awe mchezaji. Tofauti yote ni hiyo, nayo iliwagharimu binti wawili maisha yao yote, maana kila mwandishi wa habari aliyebisha hodi aliwarudisha kizimbani.

Kwetu pwani mchezo huu umekuwako pia, na kwa namna iliyo karibu na ya Lartigue. Katika mji wa Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932 akafa mwaka 1993, mtu aliyejifunza kazi ya picha mwenyewe, akafungua studio. Alikata na kuunganisha picha kwa mkasi na kwa hila za chumba cha giza, hata uso wa mtu ukachomoza katika ua. Watu walikwenda kwake kwa miguu yao wenyewe na kulipa ili wawe maua. Hapana aliyeiona picha ile akadhani kwamba Lamu wanadamu huota bustanini. Ninapoona vijana wakimweka mjomba wao mwili wa simba, nawaona ni wanafunzi wa Bakor ingawa hawajamsikia, nami nauliza neno moja tu: je, mjomba amecheka? Ikiwa mjomba hajui, na picha imekwisha kuzunguka katika simu za kijiji kizima, hapo hakuna mchezo, maana mchezaji mmoja hakuitwa.

Iko namna moja ya picha ambayo yanitia mashaka zaidi kuliko simba na mwezi, nayo haichekeshi. Nimeona katika nyumba zaidi ya moja picha ya arusi ambayo baba wa bibi arusi amesimama kando ya binti yake, amevaa koti. Na baba huyo alikwisha kufa kabla ya arusi. Kijana mwenye ujuzi wa simu au wa kompyuta ameitoa sura yake katika kitambulisho au picha ya zamani, akaipa mwili, akaisimamisha pale. Wengine huchukizwa na kazi hii, wakasema ni ya Mumler iliyorudi. Sisemi hivyo. Mumler alimwambia mjane kwamba mumewe amekuja. Kijana huyu hakumwambia mtu neno kama hilo. Wote waliokuwako arusini wajua kwamba kiti cha baba kilikuwa kitupu, na mama aliyeiomba picha hiyo alijua analoomba. Ni huzuni iliyopewa umbo, na kwa macho yao wenyewe si uongo.

Lakini picha huishi kuliko watu. Mama atakufa, bibi arusi atazeeka, na mjukuu ataishusha picha ukutani apanguse vumbi, aseme kwamba babu alihudhuria arusi. Siku hiyo, pasipo mtu yeyote kukusudia, picha itakuwa imehama kutoka kwa Lartigue kwenda kwa Mumler. Dawa yake ni ile aliyoitumia mtoto wa miaka kumi na mmoja kwa shuka la kaka yake. Mwandiko wa penseli nyuma ya karatasi watosha: jina la baba, mwaka aliokufa, mwaka wa arusi, na jina la kijana aliyemsimamisha pale.